Viazi vya kuchelewa havingoji mboji iive

Mwaka wa kwanza nilipopanda viazi mviringo msimu ukiwa unaelekea ukingoni, nilivipa kila kitu isipokuwa muda. Nilijaza mitaro mboji ambayo bado ilionyesha vijiti na maranda, nikajiambia itamalizikia humo humo ardhini. Wiki ya tano majani yakawa ya njano. Nilipochimba nikakuta viazi vya ukubwa wa gololi, na mimi ndiye mtaalamu wa udongo!

Kilichotokea ni hiki. Bakteria wanaoozesha vitu vikavu kama maranda na mabua wanahitaji nitrojeni, na wasipoipata ndani ya mboji huichukua kwenye udongo unaoizunguka. Baadaye watairudisha, lakini baadaye hiyo inaweza kuwa miezi kadhaa. Kiazi kilichopandwa mapema kinaweza kuvumilia. Cha kuchelewa hakiwezi, kwa sababu aina zinazowahi kukomaa hutaka siku 70 hadi 90 tu, na njaa ya mwezi mmoja ni theluthi ya maisha yake.

Kwa hiyo siku hizi pipa la mboji ndilo linaloniambia kama nipande. Natia konzi mbili za mboji yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, naufunga na kuuweka kivulini siku tano. Nikiufungua ukanuka uvundo au amonia, mboji hiyo ni mbichi, itandazwe kwingine. Ikinukia kama udongo baada ya mvua, inaingia mtaroni.

Pipa lenyewe halina siri nyingi. Liwe na upana, urefu na kina cha mita 1 hivi, maana dogo kuliko hapo hupoteza joto. Uwiano unaotafutwa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni, ila mimi sijawahi kupima mizani bustanini: kwa ndoo moja ya majani mabichi na maganda ya mboga naweka ndoo mbili za majani makavu au maboksi yaliyochanwa, kisha nanusa. Harufu ya amonia inadai vitu vikavu zaidi. Uvundo wa kuoza unadai hewa, yaani geuza. Na ukikamua konzi moja, yatoke matone mawili matatu, yasitiririke. Likikaa vizuri, katikati hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi ndani ya siku chache. Majivu ya kuni natia kidogo sana. Yanapunguza asidi, na ugonjwa wa magamba kwenye ngozi ya kiazi hupenda udongo usio na asidi.

Turudi kwenye mbegu. Kiazi kilichochimbwa juzi kimelala. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kabla macho hayajaamka, hivyo usichimbe leo ukapanda kesho. Mbegu za msimu wa kuchelewa nazichagua ndogo, za ukubwa wa yai, na nazipanda nzima. Mbegu iliyokatwa huoza upesi kwenye udongo wenye joto. Nazipanda sentimita 12 hadi 15 chini, kisha natandaza nyasi kavu juu, kwa sababu kiazi hutunga vizuri udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 20, na ukikaribia 30 kinakuza majani tu. Mashina yakifika sentimita 20 napandishia udongo, maana kiazi kinachoona jua hugeuka kijani na kujaa solanini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Adui mkubwa wa viazi hivi ni bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Watu huuita ukungu, ingawa kimelea chake kina undugu wa karibu zaidi na mwani. Hupenda majani yaliyolowa na hewa ya baridi kiasi, ndiyo hali ya mwisho wa msimu mahali pengi. Namwagilia chini, asubuhi, na kila shina nalipa nafasi ya sentimita 30. Madoa ya rangi ya kahawia yakianza kuenea nakata mashina yote, nangoja wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ikomae na vimelea vilivyo juu ya udongo vife.

Mashina hayo nayazika katikati ya lundo la mboji lenye joto kali, kamwe si juu. Viazi vyenyewe ndivyo vya kuogopa. Kimelea hiki hukaa salama ndani ya kiazi kilicho hai, na kando ya pipa, kwenye ubaridi, kiazi kilichotupwa huchipua bila kuombwa, kikapeleka ugonjwa msimu unaofuata, pamoja na kwa ndugu yake nyanya. Ndiyo maana vilivyoharibika navichemsha kwanza, vikipoa navitumbukiza katikati ya lundo. Nyumbani wananicheka kwamba nawapikia minyoo.