Kuvutwa si kukazwa: seli inahisi nini inapogawanyika

Mitihani ya kidato cha sita ikikaribia, Mwanza hii kila kona kuna vijana wanajadili biolojia, na sentensi moja haikosekani: "Kromosomu ikivutwa, seli inahisi, inagawanyika." Juzi nimeisikia tena kwenye daladala la Buhongwa, kwa sauti ya mtu anayefundisha wenzake. Haya.

Maana kwa kifupi. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu (kifurushi cha vinasaba) huwa imeshanakiliwa, na nakala mbili zimeshikamana. Nyuzi za protini, yaani mikrotubuli, hutoka kwenye ncha mbili za seli na kuzishika nakala hizo, moja huku, moja kule. Seli haina neva wala akili. "Kuhisi" hapa ni protini kubadilika kikemia kwa sababu ya nguvu inayozifikia. Basi.

Kinachonikera ni hilo la "ikivutwa". Nenda Mwaloni pale Kirumba, shika kamba ya mtumbwi ambao nanga yake haijashushwa, vuta. Unavuta kweli, jasho linakutoka, lakini mtumbwi unakujia tu na kamba imelala majini. Sasa nanga iwe imeng'ang'ania mawe huko chini: kamba inainuka, inachuruzika maji, inakaza. Seli inapima huo mkazo. Jasho lako haina habari nalo.

Na hapo ndipo ile sentensi inapoharibika, kwa sababu hutokea nakala zote mbili zikashikwa na nyuzi za ncha moja. Zinavutwa, tena vizuri tu, ila upande mmoja. Seli ikiridhika na hali hiyo, seli changa moja itapata kromosomu ya ziada na mwenzake atakosa. Hairidhiki. Katikati ya nakala hizo kuna kimeng'enya kiitwacho Aurora B, ambacho hulegeza mishiko iliyo karibu nacho. Nyuzi zikikaza pande zote mbili, sehemu zilizoshikwa husogea mbali, kisizifikie, na mshiko ukadumu. Zikilegea, kinafungua, kazi inaanza upya. Palipofunguliwa hutoa ishara ya kusubiri. Kromosomu moja isiyoshikwa inatosha kuchelewesha seli ya binadamu hata kama zile 45 ziko tayari.

Mwanabiolojia Mmarekani Bruce Nicklas alilionyesha hili kwa sindano. Mwaka 1969, yeye na mwenzake walichukua seli za panzi zinazotengeneza mbegu za kiume (panzi, si senene, msianze kumeza mate), wakatumia sindano nyembamba ya kioo kuvuta jozi ya kromosomu (katika seli hizi zinazovutwa huku na kule ni kromosomu mbili wenza, si nakala mbili) iliyoshikwa vibaya na ncha moja, wakiivutia upande usio na nyuzi. Mshiko ule ule mbovu ukadumu muda wote sindano ilipovuta. Mwaka 1995 akarudi na vunjajungu: seli imekwama kwa sababu kromosomu moja ya X haina mwenza, hivyo hakuna wa kuivuta upande wa pili. Sindano ikafanya kazi ya mwenza, seli ikagawanyika. Kromosomu ilikuwa bado peke yake! Kilichobadilika ni mkazo tu.

Kwa hiyo wadogo zangu, ongezeni "pande mbili zinazopingana" baada ya "ikivutwa", na sentensi yenu itakaa sawa. Mkiona imekuwa ndefu, punguzeni "inahisi".