“Niliweka Sahihi Tu”: Dhana Potofu Kuhusu Sacco

Kila mwezi, makato ya deni la mtu waliyemdhamini yanapoanza kuonekana, wanachama wa sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, huja kwenye dawati la mikopo na kauli moja: “Mimi sikukopa. Niliweka sahihi tu.” Anaisema mwalimu, anaisema mkulima wa chai, anaisema karani wa kaunti anayejua kusoma fomu kuliko mimi. Nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naijibu kwa wote.

Dhana: Mdhamini ni shahidi tu

Mdhamini ni mlipaji wa pili. Chukua mkopo wa shilingi 300,000. Mkopaji ana akiba ya 100,000, na sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Zile 200,000 zinazozidi hazina cha kuzishikilia ila akiba za wadhamini. Wakiwa wanne na wamegawana sawa, kila mmoja amefunga 50,000 yake. Hajaipoteza, na faida ya mwaka ataendelea kuipata, ila hawezi kujitoa chamani nayo hadi deni liishe au apatikane mdhamini mwingine. Mkopaji akiacha kulipa, akiba yake mwenyewe inachukuliwa kwanza. Deni likibaki, linawafuata wadhamini. Hakuna anayemwonea mtu hapo. Fomu ilisema hivyo, naye mdhamini alikubali.

Wengi hudhani utaratibu huu ni ukali wa meneja fulani, kumbe una umri mkubwa kuliko Kenya yenyewe. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijijini Ujerumani, alianza kwa kuchangisha matajiri ili wawasaidie wakulima waliobanwa na wakopeshaji wa riba kubwa. Misaada hiyo haikudumu. Mwaka 1864, pale Heddesdorf, akaanzisha chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama, na kila mwanachama alibeba madeni ya chama kwa mali yake yote. Eneo la chama lilikuwa dogo makusudi, ili watu wajuane. Mtu asiye na hati ya shamba alikopeshwa kwa sababu majirani walimjua na walikuwa tayari kulipa akishindwa. Barani Afrika, chama cha kwanza cha aina hii kilianzishwa Jirapa, kaskazini mwa Ghana, mwaka 1955, kwa juhudi za padri John McNulty, na msingi ulikuwa uleule.

Kwetu huku karibu na Mlima Kenya, mizizi iko kwenye kahawa. Miaka ya 1970 vyama vikuu vya ushirika vya wilaya vilifungua vitengo vya akiba na mikopo. Malipo ya kahawa yakaanza kuingia kwenye akaunti ya mkulima badala ya kuhesabiwa mkononi, na mbolea ikakopwa kwa dhamana ya kahawa aliyopeleka kiwandani. Miaka ya 1990 vitengo hivyo vilijitenga vikawa sacco za vijijini, na wakulima wa chai wakaunda zao. Mdhamini wa enzi hizo alikutana na mkopaji kwenye kituo cha kununulia majani. Alijua ana vichaka vingapi, alijua watoto wake wako darasa la ngapi, na mkopaji akikwama alimfuata nyumbani jioni hiyohiyo.

Kisha milango ikafunguliwa. Sheria ya Sacco ilitungwa 2008, na Mamlaka ya Kusimamia Sacco, SASRA, ikaanza kutoa leseni 2010. Sacco zikatafuta wanachama nje ya zao moja na kazi moja, nyingi zikabadili majina. Muramati ya wakulima wa chai Murang’a ikawa Unaitas, ya wakulima wa chai Kirinyaga ikawa Bingwa, ya walimu wa Embu ikawa Winas. Naona ilikuwa hatua nzuri. Muuza nguo za mitumba na dereva wa boda leo wanapata mkopo ambao zamani ulikuwa wa mwalimu. Tatizo ni kwamba tuliwakaribisha wageni bila kuwafundisha udhamini ni nini.

Sasa udhamini unakuja kwa simu. Uko ndani ya matatu, ujumbe unaingia: fulani anaomba umdhamini kwa shilingi 50,000, bonyeza 1 kukubali, 2 kukataa. Unabonyeza 1 kwa sababu mlisoma pamoja. Huo ndio mkataba wote, na unakubana sawasawa na sahihi ya wino.

Ushauri wangu, nao sitaacha kuurudia: omba hati ya mshahara au karatasi ya malipo ya majani chai, tena uione kwa macho, si picha ya WhatsApp. Muulize anadaiwa wapi kwingine, zikiwemo programu za mikopo za simu. Kataa ile ya “nidhamini nami nikudhamini”, kwa sababu mmoja akiachishwa kazi nyote wawili mnakwama. Na kama huujui mlango wa nyumba yake, bonyeza 2. Atanuna wiki mbili. Makato ni ya miaka mitatu.

Dhana: Mkopaji akifa, wadhamini wanalipa

Sacco nyingi zina bima ya mkopo, na mkopaji huilipia. Akifariki, bima hulipa deni. Familia ilete cheti cha kifo mapema. Wadhamini wasikimbie mazishi.

Dhana: Sacco yenye gawio kubwa ndiyo bora

Kila msimu wa mikutano mikuu watu hulinganisha asilimia bila kuuliza ni asilimia ya nini. Gawio hulipwa kwa hisa, na riba ya akiba hulipwa kwa akiba, na viwango vyake ni tofauti. Asilimia 18 ya hisa za 20,000 ni 3,600. Asilimia 9 ya akiba ya 400,000 ni 36,000. Ukihama sacco kwa kufuata ile 18, umefuata 3,600.

Dhana: Pesa zangu ziko pale, nizichukue nitakapo

Akaunti ya Fosa, yaani ile ya kuweka na kutoa pesa kama benki, ndiyo, unatoa wakati wowote. Akiba inayokupa haki ya kukopa hutolewa ukijiuzulu uanachama, kwa notisi ambayo kwa kawaida ni siku 60. Hisa hazirudishwi, unamuuzia mwanachama mwingine. Kama pesa ni ya karo ya Januari, usiiweke kwenye akiba mwezi Desemba halafu uje kunigombeza.

Dhana: Kuscco imeanguka, basi sacco zote zimekwisha

Kuscco ni chama cha muungano kilichosajiliwa 1973. Wanachama wake ni sacco, si wewe. Ukaguzi ulipofichua hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13, sacco zilizoweka pesa huko ziliumia, na baadhi zililazimika kupunguza gawio ili zitenge fedha za kufidia. Nyingine hazikuwa na kitu huko. Hofu yenyewe ina msingi, kwa sababu Shirika la Bima ya Amana linalowalinda wateja wa benki hadi shilingi 500,000 haligusi sacco. Ndiyo maana nakasirika nikiona ukumbi umejaa wakati wa chakula na umebaki nusu pale mwenyekiti wa mkutano anaposoma hesabu. Inuka uulize: tuliweka kiasi gani Kuscco, na tumetenga kiasi gani kwa hasara hiyo? Majibu yako kwenye hesabu zilizokaguliwa, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma.