Mtoto mdogo Disney: ni kweli mnapoteza hela?

Mzazi akisema anampeleka mtoto mdogo Walt Disney World, viwanja vya burudani kule Florida, Marekani, hakosi wa kumwambia: "Ngoja kwanza akue. Kwa umri huo hapandi chochote, mtatupa hela bure."

Si kweli. Kimo hupimwa, ndiyo. Asiyefika sentimita 112 hapandi Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, hata alie vipi. Lakini michezo mingi ya Magic Kingdom, kimojawapo cha viwanja hivyo, haina sharti la kimo kabisa: tembo wa Dumbo, farasi wa kuzunguka, mashua za "it's a small world". Mtoto wa mwaka mmoja anapakatwa na mama yake kwenye mashua, macho kodo kwa taa na wanasesere. Tena aliye chini ya miaka 3 anaingia bila tiketi, kwa hiyo kungoja akue ndiko kunakoongeza gharama.

Na wakubwa wakitaka mchezo wa kasi? Mwambieni mhudumu mlangoni. Mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kuanza foleni upya.

Kinachowashinda watoto hasa ni jua na kukosa usingizi. Nawasihi wazazi: ingieni asubuhi geti linapofunguliwa, mchana mkalale hotelini, jioni mrudi kwa tiketi ileile. Mkishindwa kutoka, kitafuteni kituo cha huduma za watoto wachanga. Kina kiyoyozi, mahali pa kunyonyeshea na meza za kubadilishia nepi.