Watatu, Watano au Tisa: Kabla ya Kudai Makamishna wa Tume za Haki Wapunguzwe

Tangu Januari 2025, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yabaki 20, maswali kwenye madawati ya malalamiko ya tume zetu za haki yamebadilika sura. Zamani mwananchi aliuliza faili yake imefika wapi. Siku hizi anaanza kwa kuuliza kama tume yenyewe bado ipo. Wengine hawaulizi, wanatuarifu: "Nyinyi pia mnapunguzwa, nimesikia."

Hoja ya kupunguza makamishna, au kuunganisha tume tatu za haki ziwe moja, si mpya, na ni hoja halali. Si kazi ya sekretarieti, yaani sisi maafisa wa tume, kuwaambia wabunge wapige kura vipi, na makala hii haitafanya hivyo. Kazi yetu ni kueleza sheria inasema nini, kwa sababu mengi yanayosemwa mitaani na redioni hayamo kwenye sheria yoyote.

Tume zinazozungumziwa ni tatu: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, yaani KNCHR, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Zote zimezaliwa na Kifungu cha 59 cha Katiba. Kifungu hicho kiliunda tume moja tu, kisha kikaliruhusu Bunge kuigawa, na mwaka 2011 Bunge likaigawa zikawa tatu. Tume mbili za kwanza zina mwenyekiti na makamishna wanne kila moja. Ya tatu ina mwenyekiti na wawili. Jumla ni 13. Wanaosema tume hazijawahi kupunguzwa wajue kwamba KNCHR ya zamani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ilikuwa na makamishna tisa. Walipunguzwa wakawa watano, kisha tume mbili zikaongezwa kando, na hesabu ikazidi ile ya mwanzo. Kwa hivyo anayepigia hesabu akiba ya fedha aanze na sura nzima, asichukue tume moja tu.

Sasa tuje kwenye dhana inayotuchosha zaidi. Tume hizi si mashirika ya serikali kama yale 42. Rais hawezi kuamka asubuhi akazivunja kwa tangazo, na waziri hana mamlaka ya kumpigia kamishna simu akamwambia aende nyumbani. Kifungu cha 250 kinaweka mipaka: kila tume ya kikatiba iwe na wanachama wasiopungua watatu na wasiozidi tisa. Ndani ya mipaka hiyo, Bunge linaweza kubadilisha idadi kwa kurekebisha sheria ya kawaida, baada ya kuwashirikisha wananchi. Kurudisha tume tatu ziwe moja nako kunaweza kupitia Bunge, kwa sababu ndilo lililozigawa. Lakini mswada wa kurekebisha Katiba ukigusa uhuru wa tume, mambo yanageuka. Hapo Kifungu cha 255 kinadai kura ya maoni: walio wengi waunge mkono, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti. Kwa kaunti 47, nusu hiyo ni 24. Mstari kati ya kubadilisha idadi na kugusa uhuru ni mwembamba, na atakayeuchora ni mahakama.

Na kamishna aliye kazini hatoki kwa sababu sheria mpya imepunguza viti. Muhula wake ni wa miaka sita, haurudiwi, na malipo yake yanatoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali. Katiba inakataza malipo hayo yabadilishwe kwa namna ya kumuumiza akiwa bado ofisini. Kumwondoa kuna njia moja, ile ya Kifungu cha 251. Mtu yeyote anaweza kupeleka ombi kwa Bunge la Kitaifa akieleza sababu: kukiuka Katiba, utovu mkubwa wa nidhamu, kutojiweza kimwili au kiakili, kutomudu kazi, au kufilisika. Bunge likiridhika kwamba ombi lina msingi, linalipeleka kwa Rais. Rais anaweza kumsimamisha kamishna huyo, ambaye ataendelea kupokea nusu ya malipo, na ni lazima aunde jopo linaloongozwa na mtu aliye au aliyewahi kuwa jaji wa mahakama ya ngazi ya juu, pamoja na angalau wawili wenye sifa za kuwa majaji wa Mahakama Kuu na mwingine mmoja anayeweza kupima ushahidi wa jambo lenyewe. Jopo likipendekeza aondolewe, Rais anatekeleza ndani ya siku 30. Nimeeleza kwa urefu kwa sababu tunapokea barua zinazotaka kamishna fulani "afutwe mara moja", na huwa zimeandikwa kwetu, watu tusio na mamlaka hayo.

Turudi kwenye idadi. Anayedai watatu wanatosha hajakosea kisheria. Tume ya Haki ya Utawala inaendeshwa na watatu. Ila azingatie mambo mawili.

La kwanza ni sura ya tume. Katiba inataka uteuzi uzingatie maeneo na makabila ya nchi, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili, na inakataza mwenyekiti na naibu wake wawe wa jinsia moja. Kwa watu tisa hesabu hiyo ina nafasi ya kupumua. Kwa watatu, anayeteua ana viti vichache vya kuchezea, na jamii nyingi zitasubiri mihula mirefu kabla ya mmoja wao kuonekana mezani. (Kamishna, hata hivyo, si mjumbe wa kabila lake. "Kamishna wetu" ni msemo wa siasa.)

La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote na halizungumzwi, ni viti vinapobaki wazi. Tume ya watu tisa ikipoteza wawili, kazi inaendelea. Tume ya watatu ikipoteza mmoja imeshuka chini ya kiwango cha Katiba, na hapo kila uamuzi wake ni karibisho la kesi. Haya si ya kubuni. Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilikuwa na makamishna saba mwaka 2017, na kufikia Aprili 2018 ikabaki na watatu baada ya wanne kujiuzulu. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zilisema mwaka 2021, katika kesi ya BBI (mpango wa kurekebisha Katiba), kwamba watatu hawakutimiza akidi. Mahakama ya Juu ikasema Machi 2022 kwamba wametosha. Kwa miaka hiyo yote, kila walichotia sahihi kilikuwa na alama ya kuuliza pembeni. Kisha Januari 2023 muhula wa waliokuwepo ukaisha, na tume ikakaa bila kamishna hata mmoja aliye kazini hadi Julai 2025.

Waulizeni watu wa Banissa, Kaunti ya Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023. Uchaguzi mdogo haukuweza kufanyika kwa sababu hakukuwa na makamishna wa kuuitisha, na walipiga kura Novemba 2025. Zaidi ya miaka miwili na nusu bila mwakilishi bungeni, na hakuna aliyepunguza idadi ya makamishna kwa sheria. Viti viliachwa wazi tu. Anayetaka tume ndogo adai pia, ndani ya mswada huohuo, muda wa lazima wa kujaza nafasi kabla haijaachwa. Bila sharti hilo, upunguzaji ni hatari kuliko unavyoonekana.

Je, lalamiko lako litapotea? Hapana. Faili haishikwi na kamishna. Inapokelewa, inachunguzwa na kuandikiwa ripoti na maafisa wa sekretarieti. Makamishna huweka sera, husikiliza mashauri mazito na kuidhinisha mapendekezo, na hapo ndipo uchache wao unaweza kuchelewesha mambo. Lalamiko linaweza kuwa la maandishi au la mdomo. Ukibisha mlango usio wako, tume hupeleka faili kwa ile inayohusika. Ila jambo lililo tayari mahakamani haligusiki, na hatuwezi kusema hilo kwa upole zaidi ya mara tulizokwisha kusema.

Tume hazifungi watu. Zina uwezo wa kuita mashahidi, na hilo limo kwenye Kifungu cha 252. Anayezuia maafisa, anayetoa habari za uongo au anayepuuza wito anashtakiwa mahakamani. Chini ya sheria ya Tume ya Haki ya Utawala, adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hii inamhusu pia mlalamishi anayebuni ushahidi, jambo ambalo baadhi ya watu husahau wakiwa na hasira.

Unaweza pia kuomba takwimu za matumizi ya tume hizi kabla ya kujadili akiba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki hiyo. Kuomba ni bure, hulipi ila gharama ya kunakili, na ofisi ina siku 21 za kukujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Ukinyimwa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya.

Mswada ukifika Bungeni, maoni hupelekwa kwa Karani wa Bunge katika muda uliotangazwa magazetini. Taja kifungu unachotaka kibadilishwe, andika maneno unayotaka yawekwe badala yake, kisha sababu. Barua inayosema tu "tume zimezidi" husomwa na kuwekwa kando, kwa sababu kamati haina cha kufanya nayo.