Mradi Ukilala, Msikimbilie Zawadi

Kila muhula ni dawa ileile: kidato cha tatu wamelegea kwenye mradi, basi watangaziwe zawadi. Walimu wenzangu, hapana.

Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha uchunguzi wa watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti wakichora, siku za baadaye walizigusa kalamu hizo takriban nusu ya muda wa wenzao. Wengi huishia hapo, na ndilo linaloniudhi. Kulikuwa na kundi jingine lililopewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, nalo halikupoteza hamu. Cheti hakina kosa. Kosa ni ile ahadi inayoigeuza kazi kuwa kibarua.

Sasa tazama mradi unaopendwa hapa Kisumu: madonge ya makaa ya gugumaji, ule mmea unaoelea ziwani. Kundi linabeba kilo 20 mbichi kutoka ufuoni. Gugumaji ni maji kwa asilimia 90 hadi 95, kwa hiyo likikauka inabaki kilo 1 au 2, na likichomwa kuwa makaa hupungua tena. Mvua ya Aprili ikilinyeshea kabla halijakauka, wiki ya tatu inafika hawana hata donge moja la kuonyesha. Hapo ndipo wanaitwa wazembe, ilhali wamevunjwa moyo na mpangilio wa kazi.

Wape ushindi mdogo mapema. Siku ya kwanza leta kilo 1 ya vumbi la makaa ya kawaida, uji mzito wa gramu 80 hivi za unga wa muhogo uwe gundi, na makopo ya kushindilia. Madonge yakitoka koponi, yaanikwe mpaka yakauke hadi ndani. Wiki ya pili wachemshe lita 1 ya maji, wapime dakika. Donge likimomonyoka, uji ulikuwa kidogo. Likitoa moshi mwingi, mara nyingi halijakauka. Gugumaji lao likiwa tayari, wakate mizizi kwanza, maana imebeba udongo, na majivu ya mmea huu ni mengi hata bila huo udongo.

Kuhusu uhuru: "chagueni mradi wowote" ni kuwatelekeza. Wanasaikolojia Deci na Ryan walitaja mahitaji matatu ya mtu ili ajitume: kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na wenzako. Kujiamulia kunahitaji mipaka. Weka wewe mada na tarehe. Wao waamue gundi, umbo la donge, na nani atakayelipikia. Huyo wa mwisho ana uzito kuliko alama zako. Mama anayekaanga samaki kwenye ufuo wa Dunga ana swali ambalo mwalimu hana jibu lake: moto utadumu mpaka karai limalizike?

Makundi yasizidi watu 4.

Nakiri alama zina nguvu. Kompyuta na Kilimo zina mradi unaohesabiwa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mtahiniwa hujituma kwa hofu hiyo. Sina hakika hofu hiyo humfikisha mbali baada ya mtihani.

Hata cheti cha kushtukiza kinanitia shaka. Mwaka wa pili shule nzima inajua kinakuja, na ahadi imesharudi. Mwaka huo ningeacha cheti, nimwalike mkaangaji aje darasani aeleze donge lipi lilizima mapema.