Mti wa Barabarani Huhesabiwa Mwaka wa Tatu

Serikali imeielekeza kila halmashauri nchini Tanzania ipande miti isiyopungua milioni 1.5 kila mwaka, na sehemu kubwa ya miti hiyo huenda mashambani, shuleni, kwenye vyanzo vya maji na katika ardhi ya vijiji. Kwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani au Manispaa ya Lindi, miti ya kando ya barabara ni kipande kidogo cha hesabu hiyo, lakini ndicho kipande chenye gharama kubwa kwa kila mche, na ndicho ambacho mwananchi hukiona kila siku anapotafuta kivuli saa saba mchana. Kazi yangu ni misitu, hasa miti ya mijini katika mikoa hii miwili, na msimamo wangu ni kwamba mti wa barabarani usiandikwe kwenye taarifa kuwa umepandwa hadi utakapomaliza kiangazi cha pili ukiwa hai. Kabla ya hapo ni mche unaotegemea boza la maji, na boza likikosa mafuta hakuna mti.

Mpango mzuri huanza kwenye ramani ya barabara, kwa kuuliza nani ana mamlaka juu ya ukanda unaotarajiwa kupandwa. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara hizo kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Nguzo na nyaya ni za TANESCO, mabomba ni ya mamlaka ya maji, na majani yanayoanguka huzolewa na halmashauri. Kwa hiyo halmashauri inayopanda haina neno la mwisho juu ya ukanda huo, na mstari wa miti uliopandwa bila kikao cha pamoja huweza kung'olewa miaka michache baadaye kwa ajili ya mtaro au bomba jipya, bila mtu yeyote kuwa amevunja sheria. Ndiyo maana ninapoombwa ushauri husisitiza kwamba barua za makubaliano ziwepo kwenye jalada kabla mche wa kwanza haujatoka kitaluni.

Mtwara mjini kuna bahati ambayo miji mingi ya pwani haina. Mji ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati bandari ilipokuwa ikijengwa kwa ajili ya mradi wa kilimo cha karanga wa serikali ya Uingereza, na ukaachiwa barabara pana zinazoruhusu mti mkubwa upande mmoja na nguzo za umeme upande wa pili. Mikindani ni kinyume chake: vichochoro vya mji wa kale havina nafasi ya shina wala mizizi, na anayetaka kivuli huko apande katika viwanja vya misikiti na shule, au ndani ya nyua za watu kwa makubaliano nao. Kulazimisha mti kwenye uchochoro wa Mikindani ni kuutafutia ukuta wa nyumba ya mtu ufa.

Kwenye barabara ya kawaida ya mtaa yenye lami, vipimo ninavyopenda ni hivi: mti ukae mita mbili au zaidi kutoka ukingo wa lami, mita tatu kutoka ukuta wa mtaro wa zege, na kati ya mti na mti ziwepo mita nane hadi kumi ikiwa ni mwarobaini. Karibu na makutano ya barabara pabaki wazi, maana dereva wa bajaji anayeingia barabara kubwa huangalia chini ya matawi, kwa urefu uleule ambao mche wa miaka miwili huuziba. Chini ya nyaya usipandwe mti ambao kimo chake cha utu uzima kinazidi nguzo, hata kama leo una urefu wa goti.

Katika kuchagua aina, mwarobaini bado hauna mpinzani kwa mitaa ya ndani kama Majengo na Chikongola. Huvumilia mchanga na ukame, na kivuli chake ni kizito. Tatizo lake ni mbegu, ambazo hupoteza uhai ndani ya wiki chache baada ya kuiva, kwa hiyo kitalu hakiwezi kuziweka ghalani kusubiri fedha zitoke. Ukanda wa karibu na bahari, kama Shangani, unahitaji miti inayostahimili upepo wa chumvi, na hapo mkungu na mvinje hufanya vizuri, ingawa majani mapana ya mkungu huziba mitaro yakizolewa kwa uzembe. Mkrismasi una maua ya kuvutia, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua vigae vya njia ya waenda kwa miguu, tena matawi yake huvunjika kirahisi, kwa hiyo ninaupendekeza kwa viwanja vya wazi tu. Mwembe ni suala la amani ya mtaa: kila mtu anautaka hadi msimu wa maembe ufike na mawe yaanze kurushwa juu ya vioo vya magari. Ashoki sitaifichia maoni yangu. Ni mti wa kupamba lango la ofisi, na halmashauri inayoupanga kando ya barabara ya Mtwara kwa lengo la kivuli imenunua nguzo ya majani.

Sasa nifike kwenye kalenda, ambako miti mingi hufa. Lindi na Mtwara hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo huja miezi mingi ya ukavu yenye upepo wa kusi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili, tarehe inayowafaa wenye masika ya Machi hadi Mei. Kwetu huku, mche unaowekwa ardhini siku hiyo una wiki chache tu za mvua kabla ya kiangazi, nao bado haujatoa mizizi nje ya udongo uliokuja nao kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea kitaluni. Mche wa barabarani upandwe Desemba au Januari, mara ardhi inapokuwa imelowa hadi chini, na tarehe 1 Aprili itumike kupita mitaani na daftari kuhesabu iliyo hai. Tukirudi nyuma kutoka Desemba, kitalu kinapaswa kuwa na miche viribani mapema, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kifungu cha kitalu kikichelewa hadi Oktoba, miche itakayopatikana ni ile yenye urefu wa kiganja, ambayo mbuzi mmoja huimaliza kwa asubuhi moja.

Fungu la maji ndilo huniambia kama halmashauri imepania. Mche uliopandwa kwenye shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, lililochanganywa samadi iliyoiva, unahitaji kama lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza. Boza la lita 10,000 hunywesha miche 500 kwa safari moja. Kuanzia Juni hadi Novemba ni takribani wiki 26, yaani safari 52 kwa miche hiyo, na kiangazi cha pili, kwa mara moja kwa wiki, ni safari nyingine 26. Afisa mipango akizidisha safari 78 kwa bei ya dizeli, posho ya dereva na maji yenyewe, atapata gharama inayoizidi mbali bei ya miche, na hapo ndipo ataweza kuamua kwa uaminifu kama mwaka huu mji upande miti 500 au 150. Mimi huchagua 150 bila kusita.

Boza pekee halitoshi, kwa sababu haliwezi kumfukuza mbuzi. Utaratibu unaofanya kazi ni kumkabidhi mti mtu ambaye tayari ana sababu ya kukaa pale: kijiwe cha bodaboda, fundi viatu, mama lishe. Makabidhiano yafanywe mbele ya mtendaji wa mtaa na jina liingie daftarini, na mtu apewe maelezo kamili, kwa maana mama lishe atakayeambiwa tu "mwagilia" atamwaga pale maji ya moto ya kuoshea masufuria yenye sabuni na chumvi. Uzio wa mianzi na fito uzunguke mche, na kamba ya kuufungia kwenye kigingi cha kuegemea, kinachosimikwa upande wa kusi, ilegezwe kiasi cha kuruhusu shina lipepesuke kidogo, kwani shina lisilopepesuka halinenepi.

Kupogoa huanza mwaka wa pili au wa tatu, kwa mkasi, ili mti uwe na shina moja lililonyooka na tawi la chini kabisa likae juu ya kichwa cha mpita njia. Kazi hiyo ndogo ikirukwa, mwaka wa kumi huja msumeno na lori. Tawi nene hukatwa kwa hatua tatu. Kwanza chale kutoka chini, umbali wa kama sentimita 30 kutoka shinani, kiasi cha theluthi ya unene. Kisha msumeno kutoka juu, mbele kidogo ya ile chale, hadi tawi lianguke lenyewe bila kuchuna gome la shina. Mwisho, kigutu kilichobaki hukatwa nje tu ya ule uvimbe mdogo unaozunguka maungio ya tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaofunika jeraha, na ukikatwa pamoja na tawi, uozo huingia moja kwa moja ndani ya shina. Mtindo wa kukata kichwa chote cha mti, unaoonekana sana chini ya nyaya, huzaa machipukizi mengi yaliyoshikilia kwenye gome tu, na miaka mitatu baadaye nyaya zimefikiwa tena na matawi dhaifu kuliko yale ya awali.

Udhaifu huo ni hatari zaidi katika pwani hii. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mpaka, Aprili 2019, na Hidaya kiliikaribia pwani yetu Mei 2024. Vyote vimekuja mwishoni mwa mvua, ardhi ikiwa imelowa na mizizi imelegea. Ukaguzi wa miti mikubwa unafaa ukamilike Oktoba, kwa kutazama uyoga kwenye shina, nyufa pale matawi mawili makubwa yanapogawana, na udongo ulioinuka upande mmoja wa kitako. Mti ukionekana hauna budi kuondolewa, kibali kipitie kwenye kamati husika ya halmashauri na sababu ibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya msumeno kufika. Mrithi wake apandwe mita chache pembeni misimu miwili kabla, ili wauza matunda waliokuwa chini ya ule wa zamani wawe na mahali pa kuhamia.