Manukuu Mengi, Kisha? Namna ya Kuzisoma Kazi za Mtafiti wa Moyo

Wanafunzi wa udaktari, na hata kamati za kupandisha watu vyeo, hutuuliza mara kwa mara: mtafiti fulani wa magonjwa ya moyo ana manukuu mangapi? Ni swali halali, ila jibu lake likisimama peke yake halina uzito ambao watu hulipatia.

Mtafiti hunukuliwa pale wenzake wanapoitaja makala yake ndani ya makala zao. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachoitwa faharasa ya h. Mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20 ana h ya 20. Moja kati ya hizo ikifikisha manukuu 5,000, h inabaki palepale. Tena namba hutegemea umeitoa wapi: Google Scholar kwa kawaida hutoa kubwa kuliko Scopus au Web of Science, ambazo ni hazina nyingine za kumbukumbu za makala, kwa kuwa huhesabu hata tasnifu na ripoti.

Kwa hiyo tunawashauri watu wafungue makala zenyewe. Chukua kazi za Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, daktari bingwa wa moyo aliyekuwa mkuu wa Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Cape Town hadi alipofariki Julai 2018.

Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha jaribio la IMPI katika New England Journal of Medicine. Kifua kikuu kikishambulia utando unaofunika moyo, maji hujaa, na baadaye utando huweza kukakamaa ukaubana moyo. Madaktari walikuwa wakibishana kwa miaka mingi kama prednisolone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, inasaidia. Wagonjwa 1,400 kutoka nchi nane za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, waligawanywa: wengine dawa, wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa kipimo kikuu, yaani kifo, maji kuubana moyo hadi yanyonywe, au utando kukakamaa, tofauti ilikuwa ndogo mno: 23.8% kwa waliopewa dawa, 24.5% kwa wasiopewa. Hata hivyo utando kukakamaa ulipungua kutoka 7.8% hadi 4.4%, huku saratani zikiongezeka kutoka 0.6% hadi 1.8%, hasa kwa wenye VVU. Daktari wa wodini anajua sasa ampe nani dawa hiyo na amnyime nani. Hilo huwezi kulisoma kwenye h ya mtu yeyote.

Upande wa pili upo, na lazima usemwe. Makala zilizodai kwamba seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinaweza kuotesha upya msuli wa moyo zilinukuliwa sana kuanzia mwaka 2001. Oktoba 2018 Chuo cha Udaktari cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's walipendekeza makala 31 kutoka maabara ya Piero Anversa zifutwe, kwa kuwa zilikuwa na data za kughushi au zilizopotoshwa. Manukuu yalionyesha kwamba watu wanazizungumzia, basi. Kabla ya kumsifu mtafiti, angalia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, kama makala yake imewekewa tangazo la kufutwa. Ni kazi ya dakika chache.

Turudi kwa Mayosi, maana kazi yake nyingine inatugusa zaidi. Utafiti wa REMEDY uliwafuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki, yaani ugonjwa unaoharibu vali za moyo, katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Kati ya wanawake wa umri wa kuzaa, 3.6% tu walikuwa wakitumia uzazi wa mpango, ilhali mimba ni hatari kwa mwenye vali zilizoharibika, na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hiyo warfarin nayo wengi waliihitaji, lakini damu yao haikuwa ikifikia kiwango kinachotakiwa cha INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda.

Je, dawa mpya zisizohitaji kupima INR zingefaa zaidi? Jaribio la INVICTUS lilijibu mwaka 2022 kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: waliotumia dawa za kundi la warfarin walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kliniki za INR, basi, bado zinahitajika.